Kura ya shule isigeuzwe urithi wa familia

Ilikuwa mwezi wa Machi, yapata saa saba za usiku, simu yangu ilipolia. Aliyepiga ni mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni muuguzi katika mji mmoja wa Marekani, ambako wakati huo jua lilikuwa bado halijatua. "Mwalimu," akaniambia baada ya salamu, "mtoto ameangushwa na kura." Nilidhani nimesikia vibaya. Mtoto mwenyewe ana umri wa miaka mitano na hajawahi kugombea cheo chochote. Kumbe alikuwa akizungumzia nafasi ya darasa la chekechea katika shule ya umma iliyo mkabala na nyumba yao. Mtoto wa jirani yao wa ghorofa ya juu ameipata nafasi katika shule hiyo bila kungoja kura, kwa kuwa dada yake anasoma humo. Mtoto wa mwanafunzi wangu hana dada wala kaka aliyemtangulia. Yeye ni kifungua mimba.

Nawaomba radhi wasomaji kwa kuwapeleka ng'ambo katika safu ambayo aghalabu hushughulikia mambo ya nyumbani. Suala la kipaumbele cha ndugu katika kura za shule ni la Marekani hasa, na kwa kiasi fulani la Uingereza na Chile. Lakini Wakenya wengi wana jamaa wanaolea watoto huko, na tena ni suala linalofunza jinsi jambo la huruma linavyoweza kuzaa dhuluma bila mtu yeyote kukusudia.

Kwanza tuuelewe utaratibu wenyewe. Sehemu nyingi za Marekani, mtoto hupelekwa katika shule ya mtaa anaoishi, na hapo hapana kura. Ipo lakini miji, San Francisco na Boston ikiwa miongoni mwayo, ambayo humwachia mzazi kutaja shule kadhaa azipendazo, akianzia na ile anayoipenda zaidi. Shule ikiwa na nafasi za kutosha, wote walioiomba huingia. Waombaji wakizidi nafasi, kura hupigwa, siku hizi kwa tarakilishi. Hali ni hiyo hiyo katika zile ziitwazo shule za mkataba, yaani shule zinazogharamiwa kwa fedha za umma lakini zikaendeshwa na bodi zake zenyewe. Jimbo la Minnesota ndilo lililotangulia kupitisha sheria ya shule hizo, mwaka 1991, na serikali ya shirikisho huzitaka zile zinazopokea ruzuku yake ya kuanzishia shule zipige kura pale waombaji wanapozidi. Hata hivyo, kabla ya kura kupigwa huwa kuna foleni, na karibu kila mahali anayesimama mbele katika foleni hiyo ni mtoto mwenye kaka au dada aliyekwisha kuingia.

Mimi ni mtu wa lugha, na sidhani nitaweza kulipita neno kura bila kusimama. Siku hizi tukilisikia tunakumbuka uchaguzi, masanduku na wino kidoleni. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kile kinachotupwa au kuchotwa ili bahati iamue. Watu walipiga kura pale walipokuwa na kitu kimoja na wenye kukidai wengi, na kila mmoja akimshuku mwenziwe. Nasibu nalo, ambalo tunaliunganisha na bahati, maana yake ya asili ni fungu, sehemu iliyomwangukia mtu. Ukiyatazama maneno haya mawili kwa pamoja utauona uadilifu unaokusudiwa katika kura. Kila mmoja ana fungu lake na hakuna mkono wa binadamu unaolipima. Ndiyo maana aliyeshindwa katika kura halali anaweza kurudi nyumbani bila kinyongo. Mwanafunzi wangu hakurudi hivyo, na sababu ni kwamba alijua mkono wa binadamu ulikuwamo.

Mji wa San Francisco haukuifikia kura kwa mchezo. Mwaka 1983, baada ya kushtakiwa na chama cha NAACP kinachotetea haki za Wamarekani weusi, halmashauri ya shule ya mji huo ilikubali mbele ya mahakama mpango wa kuwachanganya wanafunzi wa asili mbalimbali, kila shule ikiwekewa kikomo cha wanafunzi wa asili moja. Mwaka 1994 wazazi wa asili ya Kichina nao walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba watoto wao walikuwa wakinyimwa shule nzuri kwa sababu ya kikomo hicho, na mapatano ya mwaka 1999 yakaukomesha utaratibu wa kumpangia mtoto shule kwa kutazama rangi na asili yake. Mji ukawa na tatizo: utawachanganyaje watoto bila kuuliza wanatoka katika kabila gani la watu? Baada ya majaribio mengine, ulianza mwaka 2011 kutumia mfumo ambao, kwa shule za msingi, uliwapanga waombaji hivi kwa ufupi: mbele ndugu wa wanafunzi waliomo, nyuma yao watoto wanaotoka katika mitaa ambayo wanafunzi wake wana wastani wa chini kabisa wa alama za mitihani, kisha watoto wa eneo la shule, halafu wengine wote. Ndani ya kila kundi, kura huamua.

Hebu mpangilio huo utazamwe tena. Mtoto wa mtaa wa hali ya chini, ambaye ndiye aliyekuwa akiwashughulisha majaji na wanaharakati kwa miongo kadhaa, amewekwa nyuma ya mtoto ambaye kaka yake yumo shuleni. Naye kaka huyo aliingiaje? Yamkini kwa kura. Yamkini pia ni kwa sababu wazazi wake walikuwa na gari, na kazi inayowaruhusu kuzitembelea shule kumi mchana wa Jumanne, na Kiingereza cha kuwatosha kuzielewa fomu, wakajua ni shule gani za kutaja na kwa utaratibu gani. Kama waliopata shule bora mwaka jana walikuwa wengi wao watu wa namna hiyo, basi wadogo zao ndio watakaozipata mwaka huu, na mwaka kesho wadogo wa hao wadogo. Bahati ya siku moja imekuwa mali ya nyumba nzima. Mhamiaji aliyewasili juzi, hata awe na watoto wanne, hana hata mmoja aliye ndani wa kumfungulia wengine mlango. Bodi ya shule ya San Francisco yenyewe iliuchoka mfumo huo. Desemba 2018 iliazimia kuuacha, na mwaka 2020 ikapitisha sera mpya ya kuugawa mji katika kanda kwa shule za msingi, ingawa utekelezaji wake ukaahirishwa.

Tufanye hesabu ndogo, ya kubuni, ili tuone uzito wa jambo hili. Tuseme shule ina madarasa mawili ya chekechea ya watoto 22 kila moja, yaani nafasi 44, na walioomba ni 260. Kati yao 20 wana ndugu shuleni. Hao 20 wanaingia moja kwa moja. Zinasalia nafasi 24 za kugombewa na watoto 240, maana yake mmoja katika kila kumi. Kama kura ingepigwa kwa wote 260 bila kuuliza ndugu ni nani, kila mtoto angekuwa na uwezekano wa takriban 17 katika 100. Kipaumbele kimeushusha uwezekano wa kifungua mimba kutoka 17 hadi 10, na kikaupandisha wa mwenye ndugu kutoka 17 hadi 100. Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba kijitabu cha shule kitaandika tu kwamba nafasi ni 44. Mzazi anayeisoma takwimu hiyo anadanganyika, na ni udanganyifu wa namna ambayo hakuna sentensi hata moja ya uongo ndani yake.

Hata hivyo hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili, na wale wanaotaka kipaumbele hiki kifutiliwe mbali huwa hawautaji. Chukua familia yenye watoto wawili ambao kila mmoja anapigiwa kura peke yake kwa uwezekano wa 17 katika 100. Uwezekano wa wote wawili kuingia katika shule hiyo ni karibu 3 katika 100. Yaani pasipo kipaumbele cha ndugu, karibu kila familia inayogombea shule za aina hiyo itatawanyika. Aliyewahi kuwapeleka watoto wadogo shule mbili zilizo pande tofauti za mji, zote zikifungua lango saa mbili asubuhi, anajua ninachosema. Mwenye gari na mume au mke aliye nyumbani ataweza. Mama anayelea peke yake, anayepanda mabasi mawili na anayekatwa mshahara kwa kuchelewa dakika kumi, hataweza. Boston inakumbuka mambo ya mabasi kuliko mji mwingine wowote wa Marekani. Mwaka 1974, Jaji W. Arthur Garrity alipoamuru watoto wasafirishwe kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ili kuuvunja utengano wa weusi na weupe, ghasia zilizofuata zilitangazwa duniani kote, na tangu hapo kila mpango wa kugawa nafasi za shule mjini humo umekuwa ukisumbuliwa na swali la mtoto atasafiri umbali gani, na na nani. Mpango ulioanza kutumika huko mwaka 2014 ulijaribu kuwasogeza watoto karibu na nyumbani. Kwa hiyo kipaumbele cha ndugu hakikubuniwa na matajiri ili wajipendelee. Kilitokana na hali halisi ya watu wanaolea watoto, na maskini wanakihitaji kuliko wengine. Ugumu uko hapo: kitu kile kile kinachomwokoa mama mmoja ndicho kinachomfungia mlango mama wa pili, na mara nyingi mama hao wawili ni majirani.

Niliyaonja haya mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha Kiswahili kwa miaka miwili katika chuo kikuu kimoja cha huko, nikiwa na mke wangu na watoto wawili: binti yangu wa kumzaa, na mvulana ambaye ni mtoto wa kaka yangu mkubwa aliyefariki. Mvulana huyo tumemlea tangu alipokuwa na miaka miwili. Ananiita baba, na hata kama angetaka kunitofautisha na marehemu angeniita baba mdogo, ambaye pia ni baba. Mwaka wa kwanza alipata nafasi ya darasa la tatu katika shule iliyokuwa karibu nasi. Mwaka wa pili binti yangu akatimiza miaka mitano, na tukajaza fomu. Palikuwa na kisanduku kinachouliza iwapo mtoto ana ndugu katika shule anayoiomba. Nilikitia alama bila kufikiri. Ingekuwa ajabu nikiacha.

Baada ya majuma matatu niliitwa katika afisi yao. Karani alikuwa ameviweka vyeti viwili vya kuzaliwa mezani, na majina ya wazazi hayakuoana. Wasomaji wanajua kwamba kwetu hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti, seuze watoto wa ndugu wawili. Nilimweleza kwamba katika lugha yangu ya kwanza, na katika Kiswahili kadhalika, watoto wa wanaume wawili walio ndugu ni ndugu. Kwamba binti yangu hajawahi kumwita mvulana yule ila kaka. Kwamba nyumbani mwetu chungu ni kimoja. Alinisikiliza kwa adabu sana. Halafu akasema kwamba kwa Kiingereza hao ni watoto wa ami, na kwamba tarakilishi haina kisanduku cha watoto wa ami. Binti yangu akapelekwa shule nyingine, safari ya dakika arobaini kwa basi, na mke wangu akawa anaondoka nyumbani kabla ya mapambazuko ili awahi kuwafikisha wote wawili. Baadaye nilikuja kusoma kanuni yenyewe na nikagundua kwamba ilikuwa pana kuliko karani. Ilimkubali mtoto wa kambo, wa kuasiliwa na wa kulelewa, maadamu wanaishi nyumba moja na aliye na kaka ni kaka wa nyumba hiyo. Nilichopungukiwa ni barua ya mahakama ya kuthibitisha ulezi, karatasi ambayo kwetu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Simlaumu karani. Neno ambalo fomu ililitumia lina mipaka finyu: mzazi mmoja kwa uchache, basi. Neno letu ndugu, kwa upande mwingine, halina mpaka kabisa. Ni wa tumbo moja, ni binamu, ni jamaa wa mbali, ni mtu wa dini moja nawe, na nchini Tanzania lilitumika kwa muda mrefu kumwita raia yeyote kwa heshima. Fomu ile ingetafsiriwa kwa Kiswahili na kujazwa kwa uaminifu, shule ingepokea nusu ya kijiji. Ninachosema ni kwamba sheria inayompa mtu haki kwa sababu ya undugu lazima ieleze kwanza undugu unaotakikana ni wa namna gani, na uelezwe kwa kutazama sababu iliyoleta haki hiyo. Sababu ilikuwa safari ya asubuhi. Basi wanaostahili ni watoto wanaoamka chini ya paa moja na kupelekwa shule na mtu yule yule, hata kama damu yao ni tofauti. Na kwa mantiki hiyo hiyo, mtoto wa mke wa kwanza wa bwana fulani, anayeishi na mamake upande wa pili wa mji, hana sababu ya kumtangulia mtu kwa ajili ya nduguye wa baba mmoja ambaye huonana naye siku za likizo tu.

Yako mambo mengine ambayo wengi hawayafikirii mpaka yawakute. Mapacha, kwa mfano. Ukimpigia kila pacha kura yake na usiwaunganishe, mmoja anaweza kuipata nafasi ya mwisho na mwenziwe akawa wa kwanza katika orodha ya kungoja. Ukisema kwamba mmoja akipata basi na wa pili anaingia, umewapa mapacha tiketi mbili kwa safari moja, na mtoto aliyezaliwa peke yake ana haki ya kunung'unika. Ukiwapa tiketi moja kwa pamoja, umetenda haki, lakini tiketi hiyo ikitokea imebaki nafasi moja tu, utafanyaje? Uingereza imelijibu swali hili vizuri kwa madarasa ya watoto wadogo, ambayo kisheria hayapaswi kuzidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja: pacha wa mtoto aliyeipata nafasi ya mwisho huruhusiwa kuingia hata akiwa wa 31. Ni kanuni ndogo, na yeyote aliyeiandika alikuwa amewahi kuona mapacha.

Tatizo la pili ni la ndugu wanaoomba madarasa tofauti mwaka mmoja, wote wakiwa nje. Katika shule za mkataba ambazo mtoto mmoja akishinda huwavuta nduguze wote, familia yenye watoto wanne ina tiketi nne, na yenye mmoja ina moja. Tena matokeo hutegemea ni darasa gani limepigiwa kura kwanza. Ukianza na chekechea, aliyeshinda ni kitinda mimba, naye atawavuta wakubwa zake. Ukianza na darasa la sita, mambo hugeuka. Wazazi hawaambiwi hayo. Wataalamu wa uchumi wanaoshughulikia hesabu za ugawaji wameonyesha kwamba ndugu wakishaingizwa katika hesabu kwa namna hii, inawezekana kabisa usipatikane mgawo wowote ambao hautamwacha mtu na malalamiko ya haki.

Chile ndiyo nchi iliyolitafakari jambo hili kwa makini zaidi, kwa kadiri ninavyofahamu. Sheria yake ya mwaka 2015 ilizipiga marufuku shule zinazopokea fedha za serikali kuwachagua wanafunzi kwa mahojiano au kwa mifuko ya wazazi, na mfumo mpya wa kitaifa ukaanza kwa udahili uliofanywa mwaka 2016 katika jimbo la Magallanes, kusini kabisa, kisha ukaenea nchi nzima. Huko nako ndugu ndio wa mbele. Lakini tarakilishi yao hupangwa ianzie madarasa ya juu kushuka chini, ili mkubwa apate shule kwanza na mdogo apewe kipaumbele katika shule hiyo hiyo mwaka huo huo. Zaidi ya hayo, mzazi huulizwa swali ambalo sijaliona kwingine: je, unataka watoto wako wawe pamoja hata kama itamlazimu mdogo kuikosa shule ambayo peke yake angeipata? Akisema ndiyo, mpangilio wa mdogo hubadilishwa ili shule ya mkubwa iwe ya kwanza. Napenda swali hilo kwa sababu linakiri kwamba kukaa pamoja kuna gharama, na linamwachia mzazi kuamua iwapo atailipa. Chile hutenga pia asilimia 15 ya nafasi kwa watoto wa familia maskini. Kasoro ninayoiona ni kwamba mgao huo huja baada ya ndugu, wala si kabla yao.

Brighton and Hove, mji ulio pwani ya kusini ya Uingereza, umetumia kura kwa shule za sekondari tangu wanafunzi walioingia Septemba 2008. Mji uligawanywa katika maeneo, na wanaozidi nafasi ndani ya eneo wakapigiwa kura. Ndugu walipewa kipaumbele, ila kwa sharti moja: mtoto awe anaishi ndani ya eneo la shule. Sharti hilo lina hekima. Bila hilo, mwenye fedha angeweza kukodi nyumba karibu na shule nzuri, akamwingiza kifungua mimba, akahamia kwenye nyumba kubwa zaidi mbali na hapo, na watoto wengine watatu wakafuata kwa jina la undugu huku wakiwasukuma nje watoto wa mtaa ambao hawajahama.

Mimi ningefanya nini? Kipaumbele ningekibakiza kwa watoto wa chekechea na shule za msingi, kwa sababu mtoto wa miaka sita hawezi kujipeleka. Katika sekondari ningekiondoa. Kijana wa miaka kumi na mitano anayejua kutumia basi kwenda kuwatazama wachezaji wa mpira anaweza kulitumia pia kwenda shule. Nafasi za watoto wa mitaa duni ningezitenga kabla ya ndugu kuhesabiwa, na ndugu wa watoto hao wangehesabiwa humo. Ningeweka pia kikomo, tuseme nusu ya nafasi, ambacho ndugu hawatakivuka. Wakizidi, wapigiane kura wao kwa wao. Najua kwamba kikomo hicho kitawatenganisha baadhi ya watoto na kaka zao, na mama wa mabasi mawili akiniuliza mbona ni wake aliyeachwa nje, sina jibu la kumridhisha. Nitamwambia tu kwamba ameshindwa katika kura ile ile ambayo mama wa kifungua mimba hushindwa kila mwaka. Na hata wasiokubaliana nami kuhusu kikomo, hawana udhuru wa kukataa jambo moja lisilogharimu chochote: kabla ya fomu kujazwa, kila shule itangaze ni nafasi ngapi zitakazobaki baada ya ndugu kuingia. Iandike 24, isiandike 44.

Hapa kwetu kura hatuipigi. Uchaguzi wa shule umefuata alama, na hata wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walipopangiwa shule za Gredi ya 10 walizojiunga nazo Januari 2026, fomu haikuuliza mwombaji ana kaka wapi. Maadamu shule tunazozigombania zaidi ni za bweni, hoja ya safari ya asubuhi haina nguvu. Mzazi mwenye mapacha waliopelekwa kaunti mbili hulalamikia nauli za kufungua na kufunga shule, basi. Katika shule za msingi mambo ni tofauti. Tangu elimu hiyo ilipofanywa kuwa ya bure mwaka 2003, shule nyingi za mijini zimefurika, na mwalimu mkuu mwenye nafasi tano na wazazi hamsini langoni amekuwa akitumia busara yake. Busara hiyo mara nyingi huanza kwa kuuliza, "Huyu ni mdogo wa nani?" Swali hilo ni kipaumbele cha ndugu ambacho hakijaandikwa popote, na kwa kuwa hakijaandikwa, anayeumizwa nacho hana pa kukata rufaa.

Mwanafunzi wangu hatimaye amekubali shule aliyopewa, ambayo si mbaya ila ni mbali. Wiki iliyopita alinipigia tena, safari hii mchana wetu, akiwa amechoka kwa zamu ya usiku. Ana mtoto wa pili, wa miaka mitatu. Alitaka kujua iwapo amhamishe mkubwa jina lake likifika juu katika orodha ya kungoja ya shule ya mkabala, hata kama itakuwa katikati ya mwaka na mtoto amekwisha kupata marafiki. Nilimuuliza kwa nini amsumbue mtoto. "Mwalimu," akasema, "mkubwa akiingia, huyu mdogo hapigiwi kura." Nilimwambia amhamishe.